Mtu Anayetaka Kuhama Huuliza Vipi

Kazini walimwita Sikio, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza jinsi watu wanavyouliza maswali. Si wanavyoandika, la. Wanavyouliza kwa mdomo, simu ikiwa mkono mmoja na mwiko au usukani mkono wa pili.

Maana mtu akiandika kwenye simu huwa bahili wa maneno. "Kuhamisha samani nafuu." Basi, kamaliza. Lakini mwambie huyohuyo aiulize simu kwa sauti, utamsikia: "Hivi jamani, kabati langu la milango mitatu litapita kweli kwenye ngazi hizi?" Anaongea na simu kama aliyekutana na jirani uani. Sasa ukitaka simu imjibu kwa kumtajia mteja wako, na si mteja wa mwenzako, lazima uwe umeliwahi swali lile kwa maneno yaleyale, ukaliweka kwenye tovuti, na chini yake ukaandika jibu fupi ambalo simu italisoma kwa pumzi moja au mbili. Ukikosea maneno, imekula kwako. Jibu lako linaweza kuwa tamu kuliko yote duniani, na hakuna atakayelisikia.

Hiyo kazi Sikio aliijua, tena aliijua hasa. Na katika siku hizohizo alizokuwa akisifiwa kwa kuijua, mke wake alikuwa akijiandaa kuondoka. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha. Mganga hajigangi, walisema wa kale, na mimi naongeza kwamba yupo mganga mwingine anaumwa mbele ya kabati la dawa, ufunguo anao mfukoni, na bado anajitia hamnazo.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Akitaka kusikia mtu anavyouliza kweli, alimpa simu, halafu akageuza kiti chake kutazama ukuta. Alisema mtu akitazamwa machoni haulizi la moyoni, anauliza la kupendeza. "Uliza kama mimi sipo," alikuwa akiwaambia, mgongo umewaelekea. "Na usiulize swali ambalo si lako." Watu walicheka mwanzoni, kisha walisahau kwamba yupo, na hapo ndipo maneno ya kweli yalipotoka. Dada mmoja pale ofisini, yule wa takwimu, alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Mwacheni, kapewa adhabu tena, kasimamishwa ukutani."

Nyumbani aliyemsaidia alikuwa mke wake. Mke alikuwa mshonaji wa mapazia, cherehani yake ipo sebuleni karibu na dirisha, vitambaa vya watu vimejaa kwenye makochi hata mgeni hapati pa kukaa. Baada ya chakula cha jioni, vyombo vikishaoshwa, Sikio aligeuza kiti chake kuelekea ukuta wa jikoni, kompyuta mapajani, na mke nyuma yake akashika simu. Hakuna mtu aliyejua kuuliza kama yule mwanamke. Wakati mmoja mteja alikuwa daktari wa meno, na Sikio akaja na maneno yake ya kiofisi, "matibabu ya maumivu ya jino." Mke alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mtu jino linamuuma atasema matibabu? Thubutu! Atasema, 'Jino linaniua, nimeze nini mpaka asubuhi?'"

Swali hilo lilimjazia daktari wagonjwa, na bosi akampa Sikio mkono mbele ya wenzake. Alikuja kumsimulia mke, wakacheka wote wawili, wakanywa chai, wakalala wameshikana. Ndoa yao ilikuwa hivyo. Ilikuwa nzuri, na nasema hivyo kwa uchungu.

Kisha wakapata mtoto wa kike, baada ya kumngoja kwa miaka mingi. Unajua inavyokuwa. Siku mtoto anapozaliwa, na majina ya wazazi yanabadilika. Sikio aliingia wodini na kabla hata hajamwangalia mtoto vizuri akamwita mke wake "Mama," akamalizia na jina la yule mtoto, na mke akamwitikia kwa kumwita "Baba," na jina lilelile. Walikuwa wakiitana hivyo kutwa, hata pasipokuwa na sababu, kwa raha tu ya kulisikia. Mtaa mzima ukafuata.

Mtoto hakumaliza mwezi. Aliamka na homa, mchana akakataa ziwa, kabla ya jua kuzama hospitali wakasema wamefanya waliloweza.

Walizika, waombolezaji wakaja, wakaondoka na mikeka yao. Asubuhi ya kwanza walipobaki wawili, mke alimwita mumewe kutoka chumbani kama alivyozoea, Baba na jina la mtoto, amletee maji. Sikio alijikunja pale alipokuwa utasema amemwagiwa maji ya moto. Aliyaleta maji, akayaweka, akatoka nje. Mke hakumwita hivyo tena. Naye Sikio, tangu siku hiyo, hakulitamka jina la mtoto, wala hakumwita mkewe kwa jina hilo. Kile chumba kidogo, chenye kitanda alichokitengeneza seremala wa mtaa wa nyuma kwa mbao laini zisizo na vibanzi, alikifunga mlango, na nyumbani kikaanza kuitwa "kile chumba."

Usije ukadhani hakuumia. Aliumia vibaya sana. Alikuwa akienda chooni kule ofisini, anafungua bomba mpaka mwisho, analia humo, ananawa uso, anarudi kwenye meza yake. Ila alijiambia kwamba akilitaja jina lile nyumbani mkewe atavunjika, na kwamba mwanaume kazi yake ni kujikaza kisabuni ili nyumba isimame. Na mkewe alikuwa akijaribu, maskini. Alikuwa akisema, "Leo angekuwa anatambaa." Na Sikio anajibu, "Umekula?"

Hebu fikiria. Mtu anakuambia mwanao angekuwa anatambaa, wewe unamuuliza kama amekula.

Ndipo akaja mteja mwenye malori. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mikono mikubwa, mwenye kampuni ya kuhamisha watu vyombo, na alimwambia bosi, "Mimi sitaki mambo mengi. Nataka mtu akifungua tu mdomo kusema anahama, simu inataja mimi." Kazi akapewa Sikio.

Jioni ile aligeuza kiti jikoni kama kawaida. Mke alikuwa ameshafuta meza. Alishika simu, akaanza.

"Sahani za udongo zinafungwaje zisivunjike njiani?"

Sikio akaandika.

"Friji inalazwa au inasimamishwa kwenye gari?"

Akaandika.

"Hivi hawa wabebaji wakifika wanakunywa chai ya nani, yangu au ya kwao?"

Sikio alicheka, na mke naye akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya miezi. Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye beseni. Mke alipofungua mdomo tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwanamke akihama peke yake, mume akabaki, anatakiwa achukue vitu gani?"

Alisikia. Mtu asikudanganye kwamba hakusikia. Vidole vyake viliacha kuandika. Alijua lile halikuwa swali la mwenye malori. Na kwa mtindo wake mwenyewe, mtu huuliza swali lake tu. Hapo ndipo alipotakiwa ageuke. Mimi ningekuwepo ningemshika mabega nikamzungusha na kiti chake chote. Geuka, bwana! Mwanamke kakufungulia mlango, yuko nyuma yako, umbali usiofika hata mkono mmoja, geuka umtazame!

Akaandika swali.

"Hilo zuri," akasema. "Lingine?"

Mke aliiweka simu juu ya meza taratibu. "Hamna lingine. Nimechoka."

Kesho yake ofisini yule dada wa takwimu alipita nyuma yake akalisoma kwenye kompyuta. "Hili la mwanamke kuhama peke yake umelitoa wapi? Linauma, kaka."

"Nimelisikia mahali."

"Liweke. Wapo wengi wanaouliza hivyo, sema wanauliza kwa sauti ya chini."

Sikio alibaki akilitazama, na hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo mpaka leo mimi sijui nilicheke au nililie. Hakuweza kumwambia mkewe kitu uso kwa uso. Mdomo ulikuwa mzito, maneno yalikuwa yakifika kooni yanakwama. Lakini kuandika jibu aliweza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mke akiamua kuhama ataiuliza simu, maana siku hizi nani asiyeiuliza? Na simu itasoma jibu ambalo yeye Sikio ameliandika. Kwa hiyo atamwandikia. Atamwambia yote humo.

Akaandika swali: "Nikibadili mawazo siku ya kuhama, itakuwaje?" Na chini yake, baada ya kufuta na kuandika na kufuta tena, akaandika jibu: "Baki. Hata gari likiwa mlangoni hujachelewa. Tulinyamaza kwa kuogopa kukuumiza, si kwa sababu sisi hatukuumia. Kila kitu kitarudi mahali pake, na chumba kidogo kitafunguliwa."

Alitumia "sisi" ili ionekane ni kampuni inayoongea. Bosi alipolipitia aliinua miwani.

"Mbona kampuni ya malori inambembeleza mtu?"

"Anayehama ana huzuni, bosi. Akisikia sauti laini anaamini."

"Haya. Ila isiwafanye wasihame, tutakula nini?"

Mwenye malori ndiye aliyelipenda kuliko wote. Alisomewa kwenye simu, akasema kwa ile sauti yake kubwa kwamba hata yeye ameguswa, amemkumbuka mama yake, na lisiguswe hata herufi.

Kazi ikabaki kuwa moja: mke ataliuliza kwa maneno gani? Sikio aliliwaza hilo kuliko alivyowahi kuwaza kitu chochote. Atasema "nikibadili mawazo"? Au "nikighairi"? Au "nikijuta"? Labda atasema, "Naweza kulirudisha gari la kuhamia?" Alizunguka ofisini akimgeuzia kila mtu mgongo na kumuuliza. Akayaweka maneno yote aliyoyaweza kuyafikiria, kila mlango ukafunguka kwenye jibu lilelile. Alikwenda kwenye korido akaiuliza simu yake mwenyewe kwa njia zote hizo, na kila mara ile sauti ya kike isiyo na mafua wala usingizi ilimsomea: "Baki. Hata gari likiwa mlangoni hujachelewa." Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, machozi yalimlengalenga, akarudi nyumbani siku hiyo na mikate miwili badala ya mmoja.

Dunia nzima ingeweza kuyasikia maneno yake, kasoro mtu mmoja tu, na huyo alikuwa akila naye meza moja. Alingoja. Mke alikuwa akimaliza mapazia ya watu na hapokei kazi mpya, Sikio aliona. Makochi yalianza kuonekana, vitambaa vimepungua. Maboksi mawili yalitokea nyuma ya mlango, aliyaona, akayapita. Alikuwa akiitazama tu simu ya mkewe mezani, akijiambia, ataiuliza, leo ataiuliza.

Halafu akakosa subira. Jioni moja, vyombo vimeshaoshwa, aligeuza kiti kuelekea ukuta.

"Nisaidie kidogo. Mteja anataka maswali zaidi. Mtu amepanga kuhama, halafu amebadili mawazo. Ataiulizaje simu?"

Mke hakuishika simu. "Geuka unitazame."

"Nikikutazama hutauliza vizuri."

"Wewe si ndiye uliyenifundisha nisiulize swali ambalo si langu? Basi hilo si langu." Alisimama palepale, Sikio akisikia pumzi zake. "Langu unalijua."

"Lipi?"

"Niite."

Sikio alitazama ukuta.

"Niite ulivyoniita wodini. Mara moja tu. Sikuombi kitu kingine."

Jina lilikuja. Nasema lilikuja, lilipanda kutoka tumboni, likafika kooni, na likakaa hapo kama tonge kavu. Aliona uso wa mtoto. Aliona shuka nyeupe. Akasema, "Nimechoka, mke wangu. Tutaongea kesho."

"Kesho," mke akasema. Akaenda kulala.

Asubuhi gari lilikuwa mlangoni.

Lilikuwa lori la bluu lenye jina la mwenye malori ubavuni, na Sikio aliyetoka nje na shati halijafungwa vifungo alilitambua kabla halijazima injini. Dereva alishuka na wabebaji wawili, akamsalimia vizuri, akauliza kama hapa ndipo kwa mama wa mapazia. Mke alikuwa ameshavaa, ameshafunga kilemba, mkoba uko begani.

"Ungeniambia," Sikio akasema.

"Nilikuambia jikoni siku ile, ukaniambia ni swali zuri. Jana nilikuwa tayari kuwapigia simu hawa wasije. Neno moja tu lingetosha. Ukasema kesho. Ndiyo hii kesho."

Na unajua yeye alisema nini? Mkewe anaondoka, nyumba inamwagika barabarani, na yeye akasema, "Uliwapataje?"

"Niliiuliza simu."

"Uliulizaje?"

Loo! Hata dereva, ambaye hakuwa akijua lolote, aligeuka akamtazama.

Mke alimjibu, kwa upole kabisa. "Niliuliza, 'Kitanda cha mtoto kinafunguliwaje bila kuvunjika?' Ikaniambia kuna kampuni ina fundi wa kufungua vitanda, anakuja na spana zake. Nikawapigia."

Jibu hilo aliliandika Sikio. Aliliandika siku ya kwanza, haraka haraka, kati ya swali la friji na swali la kabati, bila hata kufikiri, kwa sababu watu wana vitanda na vitanda hufunguliwa.

"Hukuuliza kuhusu kubadili mawazo?"

"Mawazo gani? Mimi sikuwa na mawazo ya kubadili. Nilikuwa na kitanda."

Wabebaji walipita kati yao wakaingia ndani. Mke aliwafungulia kile chumba kwa mkono wake. Spana zikaanza kugonga, na baada ya muda mfupi kitanda kikatoka kwa vipande, upande mmoja, upande wa pili, mbao za chini zimefungwa pamoja kwa kamba. Cherehani ilikuwa imeshapakiwa. Makochi aliyaacha.

Hapo Sikio akachanganyikiwa. Alichomoa simu mfukoni, akaiinua kati ya uso wake na uso wa mkewe, akaiuliza kwa maneno yake aliyoyachagua kwa siku zote zile: "Nikibadili mawazo siku ya kuhama, itakuwaje?"

Na simu ikajibu. Ilisoma kwa ile sauti yake, bila haraka, wabebaji wakasimama na mbao mabegani. "Baki. Hata gari likiwa mlangoni hujachelewa. Tulinyamaza kwa kuogopa kukuumiza, si kwa sababu sisi hatukuumia. Kila kitu kitarudi mahali pake, na chumba kidogo kitafunguliwa."

Mke alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kaandika hayo?"

"Mimi. Nilikuandikia wewe."

"Kwa hiyo maneno ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ukampa mwenye malori."

"Nilidhani utaiuliza," Sikio akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Niliweka kila namna. Nilidhani moja utaiuliza."

"Nilikuuliza wewe," mke akasema. "Kila siku nilikuuliza wewe."

Ndipo akamwita. Sijui lilipitaje pale kooni, lakini lilipita. Alisema "Mama," akasimama, akavuta pumzi, na akamalizia na jina la mtoto wao, zima, mbele ya dereva na wabebaji na kitanda kilichofunguliwa. Mke alijifunika uso kwa mikono yote miwili, mkoba ukaanguka chini.

"Rudia," akasema kutoka nyuma ya mikono.

Akarudia. Walilia wote wawili wakiwa wamesimama, na wabebaji wakajifanya wanakaza kamba za mizigo. Ilipita dakika nzima hivyo. Kisha mke alijifuta, akauokota mkoba, akaupangusa vumbi.

"Asante," akasema. "Nilikuwa nimeanza kudhani nilimzaa peke yangu."

Sikio aliona mwanga. "Unabaki, basi?"

Mke alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Sikio, maana hasira ungeweza kuipigia magoti. "Ungeniita jana ningebaki. Ungeniita wakati wowote kabla ya leo. Lakini nimemlilia mtoto huyu peke yangu mpaka kilio kikaisha. Hiki chako ndiyo kwanza kinaanza, na mimi sina nguvu za kuanza nacho." Alimshika shavu kidogo, alivyokuwa akimshika zamani. "Dereva, twende."

Akapanda mbele. Lori likanguruma, likakata kona, likaenda.

Sikio aliingia ndani. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi na sakafuni kulikuwa na alama nne za miguu ya kitanda, mahali ambapo vumbi halikufika. Hakuweza kukaa humo. Alitoka tena mpaka barabarani, shati bado liko wazi, na huko, akitazama kona ambayo lori lilikuwa limepita, akaliita jina la mtoto wake. Akaliita kwa nguvu, tena na tena, kama mzazi anayemwita mtoto wake arudi ndani.

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Mama mmoja aliyehamia mtaani juzijuzi, hajui habari za mtu, alitoka mbio huku akijifuta mikono yenye unga.

"Vipi, baba? Kuna mtoto amepotea?"

"Ndiyo," Sikio akasema.

"Uuuwi! Masikini! Mkubwa kiasi gani? Anafananaje?" Yule mama alikuwa ameshaanza kukaza nguo yake kiunoni, ameshatupa macho upande huu na upande ule wa barabara.

Sikio alimgeukia. Akamtazama machoni, akamwambia anafananaje. Akamwambia nywele zake ni nyingi na nyeusi ti, zinaanzia karibu na nyusi. Akamwambia ukucha wa kidole chake kidogo cha mguu ni mdogo mno, hauonekani mpaka uusogeze kwenye mwanga. Akamwambia anapopiga miayo hukunja uso wote, na akinusa titi la mama yake huguna kabla ya kunyonya, na homa ilianza asubuhi, na yeye ndiye aliyembeba mpaka hospitali, alikuwa mwepesi sana mikononi. Alisema yote aliyokuwa nayo, bila kukwama hata mahali pamoja. Jirani alisimama akisikiliza, mikono bado iko kiunoni, na ilimchukua muda kuelewa kwamba hakuna wa kwenda kumtafuta.